Solon: namna ya kulielewa neno hili na kumtaja mtunga sheria kwa Kiswahili

Anayefasiri habari za Marekani au Ufilipino atakutana mapema na neno “solon” kwenye kichwa cha habari, kisha asome habari nzima asilione tena. Maana yake ni mtunga sheria: mtu aliyemo katika chombo kinachotunga sheria, kiwe cha taifa, cha jimbo, na katika magazeti ya zamani hata baraza la mji. Kuijua maana hiyo ni kazi ndogo. Kazi kubwa inaanza pale unapotaka kuliandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili cha Zanzibar hakimpokei mtunga sheria mpaka kijue anakaa chombo gani. Msomaji wa Mkunazini au Chake Chake akiona “mbunge”, fikra zake zinakwenda Dodoma, kwenye Bunge la Muungano. Akiona “mwakilishi”, zinakwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Neno la Kiingereza halisemi ni wapi, na mfasiri asiyetafuta atabahatisha.

Mwongozo huu ni kwa wafasiri, wahariri wa habari za nje, wanafunzi wa fasiri na wasomaji wa taarifa redioni. Umejengwa juu ya kanuni moja: usiliandike neno lolote mahali pa “solon” mpaka umekijua chombo chake.

Solon mwenyewe

Solon alikuwa mtu wa Athens, Ugiriki. Mwaka 594 KK alichaguliwa kuwa arkoni, kiongozi wa dola kwa mwaka mmoja, wakati mji umegawika baina ya wenye ardhi na wakulima waliozama kwenye madeni. Mdaiwa aliyeshindwa kulipa aliweza kuuzwa utumwani. Solon alifuta madeni hayo, akapiga marufuku mkopo ambao rehani yake ni mwili wa mkopaji, na akawarejesha baadhi ya watu waliokwishauzwa nje. Waathens waliuita mpango huo kwa jina lenye maana ya kuutua mzigo.

Aliwagawa raia matabaka manne kwa mavuno ya mashamba yao: wa vipimo 500 na zaidi, wa 300, wa 200, na walio chini ya hapo. Vyeo vikafuata tabaka badala ya ukoo, na hata wa tabaka la chini wakapata kukaa katika mkutano wa raia. Sheria zake ziliandikwa kwenye mbao zilizofungwa juu ya mihimili inayozunguka, zikawekwa hadharani ili anayejua kusoma azisome mwenyewe. Alizifuta sheria kali za Draco, mtunga sheria aliyemtangulia, isipokuwa zile za mauaji, halafu akaondoka mjini kwa miaka 10 ili asishurutishwe kuzibadili.

Kutokana na hayo Wagiriki walimhesabu miongoni mwa wenye hekima saba, na Kiingereza kikalichukua jina lake kwa maana mbili. Ya kwanza ni mtunga sheria mwenye hekima, na hii ni sifa. Ya pili ni mjumbe yeyote wa chombo cha kutunga sheria, awe na hekima au asiwe nayo, na hili ni neno la magazeti tu. Asilimia kubwa ya utakayokutana nayo ni ya maana ya pili, kwa hiyo anza na hiyo, na uirudie ile ya kwanza pale tu mwandishi anapoonesha wazi kuwa anasifu.

Hapa pana kosa linalotokea sana kwetu. Mtu anaona jina, anasikia habari ya hekima na hukumu, anadhani Solon ni namna nyengine ya kuandika Solomon, yaani Nabii Suleiman. Ni watu wawili tofauti, wa nchi mbili na zama mbili. Solon hakuwa mfalme wala nabii, na jina lake halina uhusiano na lile. Ukiandika “Suleiman” kwenye habari ya Athens umewapotosha wasomaji katika jambo wanaloliheshimu.

Kosa la pili ni la mashine. Programu ya kusahihisha hijai haikawii kuligeuza “solon” kuwa neno la saluni. Ukinakili kichwa cha habari kutoka chanzo chake, kilinganishe herufi kwa herufi kabla ya kukiweka mahali pengine.

Kwa nini neno hili linaishi kwenye vichwa vya habari

Sababu ni upana wa safu. Enzi za herufi za risasi, mhariri alihesabu kila kichwa cha habari kabla hakijapangwa. Kwa herufi ndogo, herufi ya kawaida ni kipimo 1. I, l, t, f na j ni nusu. M na w ni kimoja na nusu. Hesabu mwenyewe: “solon” ni 4.5. “Senator” ni 6.5, “legislator” ni 8, na “lawmaker”, ingawa ina herufi chache kuliko “legislator”, ni 8.5 kwa sababu ina w na m. Mhariri aliyebakiwa na nafasi ya vipimo 5 hakuwa na neno jengine. Ndani ya habari nafasi si tatizo, ndiyo maana neno linatoweka na mtu anatajwa kwa cheo chake kamili.

Ukilijua hilo unajua pia kwamba “solon” ni chaguo la nafasi, halikuteuliwa kwa uzuri wake. Huna wajibu wa kutafuta neno la nadra la Kiswahili ili ufanane na mwandishi. Kwa hesabu ile ile “mbunge” ni 6.5 na “mwakilishi” ni 9, na hapa Zanzibar mhariri aliyebanwa ana njia yake: ataandika BLW kwa Baraza la Wawakilishi, na kila msomaji anaelewa.

Leo neno hili lina nguvu zaidi Ufilipino, ambako magazeti ya Kiingereza yanalitumia karibu kila siku. Marekani limepungua, lakini limejaa katika magazeti ya zamani. Uingereza hulikuti kwa maana ya mbunge. Habari ikitoka London na ukaona “Solon” yenye herufi kubwa, ni ama yule Mgiriki ama jina la mtu.

Kulisoma kwa mpangilio

Tazama kwanza herufi ya mwanzo. Katikati ya sentensi, “solon” yenye s ndogo ni mtunga sheria. Yenye S kubwa ni jina: la yule wa Athens, la mtu mwengine aliyepewa jina hilo, au la mahali, kwani ipo miji ya Solon katika Ohio na Iowa. Kwenye kichwa cha habari ambacho kila neno limeanza na herufi kubwa, kipimo hiki hakifanyi kazi; shuka kwenye aya ya kwanza.

Kisha tafuta mahali habari ilipoandikiwa, jina la mji lililotangulia aya ya kwanza. Manila inakwambia Ufilipino. Mji mkuu wa jimbo la Marekani, kama Columbus au Sacramento, unakwambia kuwa huenda ni bunge la jimbo. Washington peke yake kwa kawaida ni mji mkuu wa nchi, yaani bunge la taifa.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua. Soma aya mbili za mwanzo utafute cheo kilichofupishwa mbele ya jina. “Rep.” ni mjumbe wa baraza la wawakilishi, la taifa au la jimbo. “Sen.” ni seneta, naye vilevile anaweza kuwa wa taifa au wa jimbo. California baraza la chini linaitwa “Assembly”, Virginia linaitwa “House of Delegates”. Nebraska ina baraza moja tu, na wajumbe wake 49 wote ni maseneta. Baada ya jina utaona alama fupi kama D-Ohio au R-Iowa: herufi ya kwanza ni chama, Democratic au Republican, inayofuata ni jimbo. Alama ya jimbo zima namna hiyo ni dalili ya mjumbe wa bunge la taifa. Mjumbe wa bunge la jimbo mara nyingi huandikiwa mji wake badala ya jimbo.

Kwa Ufilipino, jua kuwa maseneta ni 24 na wanachaguliwa na nchi nzima, kwa hiyo seneta wao hana jimbo. Ukimpa jimbo umekosea. Magazeti yao huwaita maseneta kwa cheo chao, na “solon” humwangukia zaidi mjumbe wa baraza la wawakilishi. Miongoni mwa hao wapo wanaoingia kwa orodha ya vyama bila kuwa na eneo la uchaguzi, ambao gazeti huwaita “party-list solon”. Hao waite wajumbe wa orodha ya vyama. Usiwaite wa viti maalumu, maana kwetu viti maalumu ni vya wanawake.

Mwisho angalia wingi. “Solons” inaweza kuwa watu wawili waliotia saini barua moja, kamati ya watu 15, au baraza zima. Kiswahili kikisema “wabunge wakataa”, msomaji anaelewa kuwa bunge limekataa. Tafuta idadi ndani ya habari: ikiwa ni wawili, andika “wabunge wawili”.

Vitenzi vinavyofuatana nalo

Hapa ndipo fasiri nyingi zinapoharibika, kwa sababu vichwa vya habari vya Kiingereza vina vitenzi vyao vifupi visivyofuata maana ya kila siku.

“Solon hits” haina kipigo: mtunga sheria amekosoa au ameshutumu. “Solon bares” ni kubainisha au kufichua. “Solon bats for”, inayopendwa sana Manila, ni kupigania au kutetea jambo. “Solons eye” na “solons mull” ni kufikiria, kwa hiyo usiandike kuwa wameamua. “Nix” ni kukataa, “OK” ni kuridhia, “probe” ni uchunguzi.

Kitenzi hatari kuliko vyote ni “table”. Marekani, “solons table bill” maana yake wameuweka mswada kando, pengine usirudi tena. Uingereza na katika nchi zilizofuata desturi yake, ikiwemo yetu, kitenzi hicho hicho ni kuwasilisha mezani ili jambo lijadiliwe. Maana mbili zinazopingana kabisa, na kitenzi ni kimoja. Kila unapokikuta, rudi kwenye nchi ya habari, kisha soma mpaka uone mswada umeendelea au umesimama.

Angalia pia kitenzi kisicho na msaidizi wake. “Solon charged” ni kutendwa: ameshitakiwa. Anayesoma haraka anaandika “ashitaki” na kumgeuza mshitakiwa kuwa mlalamikaji. “Solon nabbed” ni amekamatwa. “Solon tagged” ni ametajwa au amehusishwa, bila ya kuwapo mashitaka yoyote bado. Kushitakiwa si kutiwa hatiani, na mtu ana haki ya kuandikiwa lile lililomfika tu. Katika habari za jinai andika jina kamili na chombo chake mwanzoni kabisa. “Mwakilishi akamatwa”, bila ya nchi, kwenye gazeti linalosomwa Unguja na Pemba, ni tuhuma inayoweza kumwangukia mtu asiyehusika.

Upande wa nyakati hakuna taabu. Kiingereza cha vichwa vya habari husema wakati uliopo kwa jambo la jana, na Kiswahili husema “awasilisha”, “ataka”, “akataa”. Kiingereza huweka “to” kwa jambo lijalo, nasi tunaandika “kuwasilisha”, “kuapishwa”. Ndani ya habari rudi kwenye “aliwasilisha” na “atawasilisha”.

Usisahau daraja za mswada. “Solons OK bill” inaweza kuwa kamati peke yake, au kusomwa mara ya pili. Ufilipino, kama kwetu, mswada husomwa mara tatu. Usiandike “sheria” mpaka umetiwa saini au umekamilisha njia yake ya kikatiba. Kabla ya hapo ni mswada.

Kuchagua neno la Kiswahili

Yapo maneno sita yanayogombania nafasi hii: mtunga sheria, mbunge, mwakilishi, seneta, mjumbe na diwani. Hayabadilishani.

“Mtunga sheria” ndilo lililo karibu zaidi na “solon” kwa upana, kwani halitaji chombo. Litumie pale wanapochanganyika watu wa mabaraza mawili, au pale ambapo habari yenyewe haisemi. Udhaifu wake ni kwamba si cheo. Hakuna anayeitwa Mtunga Sheria wa Wete. Pia linaweza kuwatatanisha wanasheria, maana kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984 chombo cha kutunga sheria kina sehemu mbili, Rais wa Zanzibar na Baraza la Wawakilishi. Katika maandishi ya kisheria, basi, usiliweke “watunga sheria” kama jina jengine la Wawakilishi.

“Mbunge” na “Mwakilishi” kwetu ni vyeo viwili vya watu wawili. Kila moja ya majimbo 50 ya Zanzibar linamchagua Mbunge anayekwenda Dodoma na Mwakilishi anayekwenda Chukwani. Kwa hiyo habari ya Kiingereza ikisema “the lawmaker for Paje”, hujui bado ni nani. Tazama mada. Maji, ardhi na kilimo cha Zanzibar si mambo ya Muungano, na msemaji ana uwezekano mkubwa wa kuwa Mwakilishi. Uraia, uhamiaji, polisi na ulinzi ni ya Muungano, na uwezekano unaelemea kwa Mbunge. Mada inakupa pa kuanzia kutafuta. Thibitisha kwa jina na mahali aliposema.

Kisha wapo watano ambao ni vyote viwili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Baraza la Wawakilishi nafasi ya kuchagua wajumbe watano miongoni mwao waingie Bungeni. Mmoja wao akizungumza Chukwani muandike Mwakilishi; akizungumza Dodoma muandike Mbunge, na uongeze kuwa ameingia kupitia Baraza la Wawakilishi. Kiingereza kingemmaliza kwa neno moja. Kiswahili kinataka useme amesimama wapi.

Si kila Mwakilishi ana jimbo. Wapo wa viti maalumu vya wanawake, wapo walioteuliwa na Rais, na Mwanasheria Mkuu yumo kwa wadhifa wake. Usimtungie mtu jimbo kwa sababu sentensi inapendeza nalo.

Sasa lipo gumu zaidi. Baraza la chini la Marekani nalo kwa Kiswahili ni Baraza la Wawakilishi, na la Ufilipino vilevile. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hatatizwi. Msomaji wa Zanzibar akiona kichwa “Wawakilishi wakataa bajeti” ataruka kwenye kiti. Dawa yake ni kuitaja nchi ndani ya kichwa cha habari chenyewe, hata kama utalazimika kuondoa neno jengine. Aya ya kwanza andika “mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani”, baadaye “mjumbe huyo”. Neno “mjumbe” linafaa, lina adabu, na halimchanganyi mtu. Baadhi ya wahariri huandika “mbunge wa Marekani” kwa wote, na haliwi kosa ikiwa habari haigusi tofauti ya mabaraza mawili. Ikigusa, kwa mfano baraza moja limepitisha na jengine limekataa, “wabunge” haitoshi.

Mtego unaofuata ni “jimbo”. Kwetu jimbo ni eneo la uchaguzi. Katika habari za Marekani jimbo ni Ohio au Texas nzima, lenye gavana na bunge lake. Ukiandika “mbunge wa jimbo la Ohio”, msomaji hana namna ya kujua kama ni mtu aliyetoka Ohio kwenda bunge la taifa au ni mtu wa bunge la Ohio lenyewe. Andika “mjumbe wa bunge la jimbo la Ohio” kwa wa pili, na “seneta anayeiwakilisha Ohio katika Bunge la Marekani” kwa wa kwanza. Eneo dogo analochaguliwa mjumbe liite “eneo la uchaguzi”.

Habari za Kenya zina la kwao. Huko “mwakilishi wadi” ni mjumbe wa bunge la kaunti, cheo kilicho karibu zaidi na diwani. Usikate “wadi” ili kufupisha, utampandisha cheo.

“Diwani” liweke kwa wa mabaraza ya miji. Magazeti ya zamani ya Marekani yakiandika “city solons”, hao ni madiwani.

“Mheshimiwa” haliwi fasiri ya “solon”. Ni neno la kumtaja mtu kwa heshima, linakwenda na jina au cheo, na katika habari za nje halihitajiki.

Kuhusu kulikopa neno lenyewe, ushauri ni kutolikopa. “Masolon” na “soloni huyo” havimsaidii msomaji yeyote. Pale unapolijadili kama neno, liache lilivyo katika alama za kunukuu, na upatanisho uwe wa “neno”: “solon” limetumika, limeandikwa. Ukimzungumzia Solon wa Athens, ni mtu: Solon alifuta, Solon aliondoka.

Mfano mmoja kwa ukamilifu

Tuchukulie kichwa hiki, kilichotungwa kwa ajili ya mazoezi: “State Solons Table Ferry Bill”. Habari imeandikiwa Olympia. Aya ya kwanza inasema kamati ya usafiri ya “House” imepiga kura kuuweka pembeni mswada wa kubadili nauli za meli zinazovusha abiria na magari.

Fasiri ya haraka inatoka hivi: “Wabunge wa Washington wawasilisha mswada wa boti”. Inasomeka vizuri, na ina makosa manne. Olympia ni mji mkuu wa jimbo la Washington, pwani ya magharibi, mbali kabisa na Washington mji mkuu wa nchi, na kichwa hicho hakitofautishi. Waliofanya jambo ni kamati, si wabunge wote. Hawakuwasilisha, wameuweka kando, kwa maana ya Marekani ya kile kitenzi. Na mswada unahusu nauli, wakati “mswada wa boti” utamfanya msomaji wa bandarini Malindi afikirie ukaguzi na usalama.

Sahihisho: “Kamati ya bunge la jimbo la Washington yauweka kando mswada wa nauli za meli”. Ni kirefu. Kikibana, ondoa “la Washington” na uandike “Marekani:” mwanzoni, kisha ulitaje jimbo lenyewe katika aya ya kwanza. Usiondoe “kamati” wala “kando”. Hayo mawili ndiyo habari yenyewe. Aya ya kwanza iwe hivi: “Kamati ya usafiri ya Baraza la Wawakilishi la jimbo la Washington, Marekani, imepiga kura ya kuuweka kando mswada unaokusudia kubadili nauli za meli za abiria na magari.” Mtu asiyejua kabisa neno “solon” anasoma hapo na hakosi kitu.

Sifa au kejeli

Mwandishi wa makala au tahariri anaweza kulitumia “solon” kwa kuuma. Akiandika “our solons” baada ya kueleza kikao kilichovunjika kwa ugomvi, anawacheka. Dalili ni mbili: neno limetoka kwenye kichwa cha habari likaingia ndani ya makala, na mbele yake pana “our”, “wise” au “learned” isiyolingana na yanayosimuliwa. Hapo “wabunge” pekee inapoteza ladha. Andika “waheshimiwa wetu hawa” au “watunga sheria wetu wenye hekima”, ukihakikisha sentensi zinazozunguka zinabeba kejeli hiyo waziwazi. Katika habari ya kawaida usiongeze kejeli ambayo haimo. “Solon files bill” haimdharau mtu.

Redioni na katika Kiingereza chetu

Msomaji wa taarifa akilazimika kulitamka, mkazo uko mwanzo: SOU-lan, silabi ya pili ikiwa nyepesi, karibu kumezwa. Ulimi wa Kiswahili huvutika kuongeza i mwishoni na kuhamisha mkazo, so-LO-ni, na msikilizaji anayejua Kiingereza hatalitambua. Kwa jina la yule wa Athens katika taarifa ya Kiswahili, “Soloni” ya Kiswahili inakubalika, alimradi isibadilike katikati ya kipindi.

Anayeandika kwa Kiingereza kutoka Zanzibar asiwaite Wawakilishi “solons”. Kiingereza cha vyombo vyetu kimefuata desturi ya Uingereza, na neno hilo humfanya msomaji adhani habari imeandikwa Manila. Andika “member of the House of Representatives” na uongeze “Zanzibar”, ili Mmarekani naye asidhani ni baraza lake. Kwa Mbunge andika “member of parliament”. Usiwachanganye wawili hao kwa “MP” moja, kosa ambalo wageni hulifanya kila mara na sisi hatuna udhuru wa kulifanya.

Kwa nyaraka za zamani zilizohifadhiwa Kilimani, miaka iangaliwe. Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa chini ya Waingereza mwaka 1926 ndilo watu walioliita Legico. Wajumbe wake si Wawakilishi, na maneno “unofficial member” katika kumbukumbu zake humaanisha mjumbe asiyekuwa mtumishi wa serikali, si mjumbe asiye halali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sheria zilitungwa na Baraza la Mapinduzi. Cheo cha Mwakilishi kinaanza na Baraza la Wawakilishi, mwaka 1980. Habari ya 1957 inayomtaja “Mwakilishi wa Jimbo” imefasiriwa kwa macho ya leo. Irejeshee cheo chake, mjumbe wa Legico.